Taji Lililochomoka Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Gego Fupi

Mgonjwa anayezungumziwa hapa ni mama wa makamo, mkazi wa kisiwa cha Lamu na mshonaji wa kofia za mkono, aliyefika katika kliniki yetu hapa Malindi akiwa amelifunga taji la jino lake katika kitambaa. Taji hilo, au krauni kama wagonjwa wengi wanavyoliita, lilikuwa la zirkonia, yaani kauri nyeupe ngumu sana, lililosanifiwa kwa kompyuta na kuchongwa kwa mashine, na lilikuwa limechomoka kwa mara ya pili kabla ya mwaka kutimia. Mara ya kwanza lilibandikwa tena kwa simenti ileile, likakaa kwa miezi michache tu. Ameridhia kisa chake kiandikwe bila jina lake. Kliniki iliyomhudumia mwanzo haitatajwa, kwa kuwa kilichompata kinaweza kumpata mtu yeyote palipo na skana mpya na mazoea ya zamani.

Jino lenyewe ni gego la kwanza la chini upande wa kushoto, namba 36, ambalo mizizi yake ilikuwa imekwisha kutibiwa na kuzibwa. Picha ya eksirei ilionyesha mizizi iliyojazwa vizuri na mfupa wenye afya kuizunguka. Ufizi ulikuwa mzima isipokuwa upande wa nyuma, ambako ulikuwa umevimba kidogo kwa mabaki ya chakula. Taji halikuwa na ufa wala kipande kilichokatika. Tulipolirudisha juu ya kisiki, yaani sehemu ya jino iliyochongwa ili ibebe taji, bila simenti lilikaa mahali pake bila kucheza, na ncha ya kipimio haikuona pengo la kutia shaka kwenye ukingo. Simenti ya zamani ilikuwa imebaki karibu yote juu ya kisiki, ilhali ndani ya taji palikuwa peupe na pasafi, na mistari iliyoachwa na ncha ya kuchonga ikionekana waziwazi.

Mtu akiona hivyo huelekea kuilaumu simenti, na kwa kiasi fulani huwa hakosei. Simenti ikibaki kwenye jino na kuliacha taji, maana yake ni kwamba ilishika dentini, yaani tabaka la jino lililo chini ya enameli, kuliko ilivyoshika zirkonia. Zirkonia haina sehemu ya kioo inayoweza kuliwa na asidi ya hidrofloriki, kwa hiyo njia inayotumika kwa kauri za kioo haifai kwake. Hupuliziwa chembe za alumina za mikromita 50 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa shinikizo la chini ili uso wake ukwaruzike, kisha hupakwa kiungo chenye fosfeti kiitwacho MDP, ambacho hujifunga na oksidi za uso huo. Mistari ya mashine tuliyoiona ndani ya taji ilikuwa dalili kwamba hatua ya kupulizia haikufanyika, au ilifanyika kijuujuu. Hata hivyo, yako mataji mengi ya zirkonia yaliyobandikwa kwa simenti ya kawaida ya glasi-ionoma, bila MDP na bila resini (gundi ya plastiki), na yanadumu miaka mingi, kwa sababu kisiki chenyewe ndicho kinacholishika taji na simenti hujaza tu nafasi iliyobaki. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kwa nini simenti ilishindwa. Inafaa kuuliza kwanza kwa nini simenti iliachiwa kazi yote peke yake.

Hapo ndipo faili lilipotufaa. Zamani, chapa ya meno ilichukuliwa kwa silikoni au alginati, ikamiminiwa plasta, na taji likishatoka mfano wa plasta ulitupwa au ulivunjika. Aliyetaka kujua miezi baadaye jino lilichongwaje hakuwa na pa kuanzia. Skana ya kinywani huacha faili la STL, yaani uso wa jino uliohifadhiwa kwa maelfu ya pembetatu ndogo zilizoungana, na faili hilo linaweza kufunguliwa na kupimwa wakati wowote. Kwa idhini ya mama huyu ya maandishi tuliliomba faili hilo pamoja na faili la usanifu wa taji, na maabara iliyolichonga ilitupatia bila kusita. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake, na ni vyema wagonjwa wajue kwamba taswira za meno yao zimo katika haki hiyo.

Tulipolifungua faili, ukuta wa nyuma wa kisiki ulikuwa na kimo cha milimita 2.4 tu na ule wa mbele milimita 3.1. Kuta za upande wa shavu na upande wa ulimi zilikuwa zimeinamiana kwa jumla ya nyuzi 26. Kwa magego inapendekezwa kimo kisipungue milimita 4, na mwinamo wa jumla uwe kati ya nyuzi 10 na 20. Mtafiti Jørgensen alionyesha tangu mwaka 1955 jinsi nguvu ya kulishika taji inavyoporomoka kadiri kuta zinavyozidi kuinamiana. Taji lililo juu ya kisiki kifupi chenye kuta zilizolala hukaa kama kawa juu ya sinia: linafunika vizuri, lakini halijashika kitu.

Kisha tukalipima taji kwa kaliperi, na kipimo hicho ndicho kilichonifanya niamue kuandika. Unene wake juu, mahali linapokutana na jino la juu, ulikuwa kati ya milimita 2.0 na 2.3. Unene huo ni wa taji la aina nyingine. Taji la chuma lililofunikwa kauri linahitaji nafasi ya milimita 1.5 hadi 2, kwa sababu chuma peke yake huchukua sehemu, kisha huja tabaka la kuficha rangi ya chuma, na juu yake kauri ambayo ni dhaifu: nguvu yake ya kuhimili mpindo ni takribani megapaskali 100. Zirkonia yenye asilimia 3 ya yitria (oksidi inayochanganywa ili kuiimarisha) kwa hesabu ya moli huhimili megapaskali 900 hadi 1,200, na ikichongwa kuwa kipande kimoja kisichofunikwa kauri, milimita 1 juu ya gego inatosha. Mchongaji alilichonga jino kwa vipimo vilivyozoeleka mkononi, kisha akaagiza taji la zirkonia. Programu haikulalamika, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuijaza nafasi iliyoikuta. Ikaijaza kwa milimita 2 za zirkonia, ambako milimita nzima haikuwa na kazi ila kuchukua mahali pa jino lililokatwa. Milimita hiyo ingebaki kwenye kisiki, ukuta wa mbele ungefika 4.1 na wa nyuma 3.4. Upande wa nyuma ungekuwa bado mfupi, lakini si mfupi wa kushindwa.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo lilipaswa kutoa onyo mapema. Mama huyu anatafuna tambuu tangu ujana wake. Popoo, ile kokwa iliyomo ndani ya tambuu, ni ngumu, na miaka mingi ya kuitafuna husaga magego hadi vilele vyake vikawa bapa. Kwa hiyo gego hili lilikuwa fupi hata kabla ya kuguswa na keekee. Katika pwani yetu, ambako tambuu na miraa hutafunwa kwa saa nyingi, gego fupi si jambo la nadra, na daktari anayelichonga kwa vipimo vya jino refu analipokonya hata kile kidogo lililobakiwa nacho. Popoo ina madhara makubwa kuliko haya: mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, hata ikitafunwa bila tumbaku. Tulimkagua mashavu, ulimi na kaakaa, tukapima upana wa kinywa chake akipanua, na hatukuona kidonda wala ukakamavu. Amekubali kukaguliwa kila anapofika.

Kasoro nyingine ilionekana tulipokata taswira ya kisiki na ya taji kwa pamoja kwenye skrini. Pembe za juu za kisiki ziliachwa kali. Ncha inayochonga ndani ya taji ni ya mviringo na ina kipenyo chake, kwa hiyo haiwezi kuufuata ukingo mwembamba kuliko yenyewe. Ili taji lisikwame, programu hupanua nafasi ya ndani mahali hapo hadi ncha iweze kupita. Nafasi ya simenti iliyoagizwa ilikuwa mikromita 80, lakini kwenye pembe hizo ilizidi 200. Taji lilionekana limekaa sawasawa kwa sababu ukingo wake ulikuwa mzuri, na kwa kipimo cha ukingo peke yake lingepita mtihani wowote: watafiti McLean na von Fraunhofer walipendekeza mwaka 1971, baada ya kuchunguza mataji zaidi ya 1,000, kwamba pengo la ukingo lisizidi mikromita 120, na hili halikulifikia. Lakini ukingo mzuri huzuia tu kuvuja. Hausemi lolote juu ya kushika.

Ninachokishikilia katika kisa hiki ni kwamba usanifu wa taji hili ulianza kwa kuchelewa. Ulianza pale skana ilipozungushwa juu ya kisiki, wakati uamuzi mkubwa kuliko yote, yaani ni jino kiasi gani liondolewe na wapi, ulikuwa umekwisha kufanywa kwa mazoea. Skana hiyohiyo ingeweza kutumika kabla ya keekee kuwashwa. Jino hupigwa taswira likiwa zima, fundi na daktari hukubaliana juu ya aina ya taji na unene wake, kisha jino huchongwa na kupigwa taswira ya pili, na programu huziweka taswira mbili pamoja na kuonyesha kwa rangi ni wapi pameondolewa zaidi ya ilivyohitajika na wapi bado. Kazi hiyo huongeza dakika chache. Werner Mörmann na Marco Brandestini, walipoweka jazo la kwanza lililosanifiwa kwa kompyuta namna hii kinywani mwa mgonjwa mjini Zurich mwaka 1985, walitaka kila kitu kimalizike katika kikao kimoja mgonjwa akiwa kitini, na François Duret wa Ufaransa alikuwa amelieleza wazo la chapa ya mwanga tangu tasnifu yake ya mwaka 1973. Haraka hiyo ina thamani kubwa kwa mtu anayevuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha akapanda basi kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200, ili afike Malindi. Lakini kwa mgonjwa kama huyu, faida ya kikao kimoja hupotea yote siku taji linapochomoka. Alituambia hivi: "Mwanangu, njia nimeichoka. Nipe jino ambalo likinileta tena Malindi, liwe limenileta kwa arusi."

Njia zilizokuwa mbele yetu hazikuwa nyingi. Kulibandika taji lilelile kwa namna iliyo sahihi zaidi kungempa muda, lakini kungeacha simenti ikibeba kila kitu, hivyo tulikubali hilo liwe la muda tu. Upasuaji wa kushusha ufizi na mfupa ili kisiki kirefuke ulikuwa na kikwazo: kwenye eksirei, mahali mizizi inapogawanyika palikuwa karibu mno na ukingo wa nyuma, na kuondoa mfupa hapo kungeufungulia uchafu njia ambayo mswaki haufiki.

Njia ya tatu ningeipenda kuliko zote lau jino lingetufikia kabla ya kuchongwa. Gego lililotibiwa mizizi lina chumba kitupu ndani yake, na taji linaweza kusanifiwa likiwa na kigingi kipana kinachoingia katika chumba hicho, likabandikwa kwa resini juu ya enameli iliyozunguka bila kuchonga kuta kabisa. Bindl na Mörmann waliliita taji hilo endokrauni mwaka 1999, na gego fupi ndilo linalolifaa hasa, maana halihitaji kimo cha kuta. Hata hivyo linaihitaji enameli ukingoni, kwa kuwa resini hushika enameli kwa uhakika kuliko inavyoshika dentini, na kwenye jino hili enameli yote ya kuzunguka ilikuwa imeondolewa hadi kwenye ufizi. Hasara hiyo ilinisikitisha zaidi ya kufupishwa kwa jino: uchongaji wa kwanza ulimnyima mama huyu ile tiba ambayo ingemfaa kuliko nyingine.

Tulichofanya ni kukijenga upya kisiki. Jazo la zamani liliondolewa kutoka katika chumba cha jino, na mahali pake tukajenga kiini cha resini kilichojishikiza ndani ya chumba na kupanda juu kwa milimita 1, yaani ile milimita iliyokuwa imepewa zirkonia bila haja. Kuta za chini karibu na ukingo zilisimamishwa kidogo, bila kushuka zaidi chini ya ufizi. Kwenye uso wa mbele na uso wa nyuma tulichonga mfuo mmoja mmoja, ili taji likisukumwa kuelekea shavuni au kuelekea ulimini mifuo ilizuie lisibinuke. Pembe zote zililainishwa, kwa sababu ya ile ncha ya mviringo. Taji la zamani lilibandikwa kwa simenti ya muda baada ya kutolewa unene wa ndani, likalilinda jino wakati wa kungoja.

Kupiga taswira kulichukua muda mrefu kuliko kuchonga, na ndivyo inavyopasa. Ufizi ulisogezwa kwa uzi uliolowekwa kloridi ya alumini, damu na mate vikakaushwa, kisha tukaanza juu ya meno, tukashuka upande wa ulimi na kurudi upande wa shavu. Hewa yetu ya pwani huufanya ukungu uingie kwenye kioo cha skana upesi, kwa hiyo kichwa chake hupashwa moto kwanza. Faili lilipelekwa kwa intaneti kwenye maabara ya Mombasa mama akiwa bado kitini, na nilimwomba fundi alikague hapohapo. Akapiga simu: "Daktari, ukingo wa nyuma upande wa ulimi siuoni sawasawa. Hapa ni jino au ni ufizi?" Nilipokuza taswira niliona ana haki. Kipande hicho kilifutwa, uzi ukaongezwa, na sehemu hiyo peke yake ikapigwa upya. Iwapo fundi angenyamaza na kuubuni mstari wa ukingo, programu ingeufuata kwa uaminifu uleule ambao ingeufuata mstari wa kweli. Ninawasihi mafundi wasione haya kuuliza, na madaktari wasimwache mgonjwa ashuke kitini kabla swali hilo halijajibiwa.

Usanifu ulipofika tuliurudisha mara moja kwa marekebisho ya vilele, tukiomba viwe vya chini na vipana ili vilingane na meno yaliyosagika, badala ya vilele virefu vya jino la kijana ambavyo programu huvitoa katika maktaba yake. Zirkonia huchongwa ikiwa bado laini kama chaki, kwa ukubwa uliozidi, kisha huingizwa katika tanuri la takribani nyuzi 1,500 za Selsiasi na kusinyaa kwa karibu asilimia 20 kwa urefu, upana na kimo. Kila bamba huja na namba yake ya kusinyaa kutoka kiwandani, na fundi huiingiza katika programu kabla ya kuchonga. Hatukuchagua zirkonia ile inayopitisha mwanga zaidi yenye yitria ya asilimia 5, maana nguvu yake ni ndogo zaidi na gego la nyuma la mtafuna tambuu halihitaji uangavu huo.

Siku ya kubandika, taji lilijaribiwa kwanza, likapimwa kwa uzi wa meno na kwa karatasi ya rangi. Jaribio hilo huliachia taji mate, na fosfeti za mate huchukua nafasi ambayo MDP ingejifunga. Asidi ya fosforiki, ambayo madaktari wengi huishika bila kufikiri, huongeza fosfeti nyingine juu ya zile. Tulilipulizia ndani alumina baada ya jaribio, wala si kabla, tukapaka MDP na kulibandika kwa simenti ya resini, jino likiwa limetengwa na unyevu. Mahali palipopunguzwa kidogo palipigwa msasa hadi pakang'aa kabisa, maana zirkonia yenye mikwaruzo husaga enameli ya jino la juu, ilhali iliyong'arishwa vizuri ni mpole kwake.

Taji bado liko mahali pake, ufizi wa nyuma umetulia, na tambuu amepunguza bila kuacha. Kazi iliyobaki ni gego la kwanza la chini upande wa kulia, namba 46, ambalo limesagika vilevile na limeanza kuonyesha ufa mwembamba, ingawa neva yake ya ndani bado i hai. Hilo halijaguswa. Limepigwa taswira likiwa zima, enameli yake ya kuzunguka ingalipo, na fundi wa Mombasa amekwisha kusanifu juu yake kifuniko cha lithiamu disiliketi, aina ya kauri ya kioo, chenye unene wa milimita 1.5, kitakachobandikwa kwa resini bila kuchonga kuta. Kwa vipimo vilivyo kwenye skrini, sehemu kubwa ya nafasi hiyo inapatikana kwa kuziba tu yale yaliyosagwa, na mahali keekee itakapogusa hapazidi nusu milimita.